Hasira, kinyongo na tabia njema: maswali ninayoulizwa sana kuhusu wokovu

Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki hapa Mwanza, miaka mingi sasa, na Jumatano jioni tukishafunga mizigo tunakaa wanawake kama ishirini hivi na vijana wachache tunasoma Biblia. Kuna Wakatoliki, kuna wa AIC, kuna Wasabato, kuna walokole, na kuna ambao hawana kanisa kabisa ila wanapenda kusikiliza. Nimeona maswali yanayorudi ni yaleyale na karibu yote yanaanzia kwenye hasira, ndo nikaamua niyaandike na majibu ninayotoa, mtu asome usiku akiwa ametulia. Mimi sio mchungaji. Mistari nimeitaja ili uifungue mwenyewe, usiishie kwa maneno yangu.

Mimi sigombani na mtu, siibi, silewi, zaka natoa. Kwa nini niambiwe nahitaji kuokolewa?

Nianze na hili maana kwa miaka lilikuwa swali langu mwenyewe, sema sikuwahi kuliuliza kwa sauti, nilikuwa nalijibu moyoni tu kwamba mimi niko sawa.

Mwaka 2012 nilimpa mdogo wangu, tumbo moja kabisa, gunia 30 za dagaa kwa mali kauli, yaani achukue kwanza alipe akishauza, akauze Geita. Gunia 18 kati ya hizo hazikuwa zangu, zilikuwa za watu wa mitumbwi walioniamini. Hela haikurudi. Kwanza simu ikawa haipokelewi, baadaye laini ikabadilishwa, mimi nikabaki nalipa lile deni miaka miwili na miezi, kijana wangu wa kwanza akakaa nyumbani mwaka mzima bila shule. Na sikumtukana. Hilo nataka ulielewe vizuri, sikumtukana hata mara moja, sikwenda polisi, sikwenda kwa mganga kama wengine walivyonishauri, na kwenye msiba wa baba tulipika kwenye moto mmoja nikawa namwita mdogo wangu mbele za watu, wakwe wakasema huyu mama ana moyo wa pekee. Kanisani nilitolewa mfano.

Mwaka wa sita nikapigiwa simu kuwa nyumba aliyopanga imeungua na kila kitu ndani. Nikasema pole sana jamani, nikatuma elfu hamsini siku hiyohiyo. Nikakata simu, na hapo nikasikia utamu. Sijui nikuelezeje, utamu kabisa, umeanzia kifuani unashuka, kama maji ya baridi kwa mtu aliyeshinda juani. Nikakaa juu ya gunia nikaogopa, maana nilijiona.

Ukifanya kazi ya dagaa unalijua gunia la hivyo. Mvua imenyesha dagaa wakiwa bado wameanikwa, hawajakauka vizuri, mtu ana haraka anafungasha, juu anapanga wale weupe waliokauka, ukifungua mdomo wa gunia unasema huu mzigo safi. Sasa chomeka mkono mpaka katikati, kuna joto. Soma Mathayo 5:21-22 uone Yesu anavyochomeka mkono. Watu wa zamani waliambiwa usiue, wengi tunasema hapo nimepita, halafu yeye anasema kila amwoneaye ndugu yake hasira itampasa hukumu. Yohana anamalizia kabisa kwenye barua yake ya kwanza, 3:15, kuwa anayemchukia ndugu yake ni mwuaji. Mimi niliyetuma elfu hamsini.

Na ile hadithi ya mwana mpotevu, Luka 15, tunaipenda kwa ajili ya yule mdogo aliyekula na nguruwe. Ila angalia inavyoisha. Mdogo yuko ndani anakula ndama. Kaka mtu, aliyebaki nyumbani akafanya kazi, huyo ndo yuko nje, amekasirika, anakataa kuingia, na maneno anayomwambia baba yake ni haya: "mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako wakati wo wote, lakini hujanipa mimi mwana-mbuzi." Unaona alikuwa anahesabu? Miaka yote hiyo alikuwa mtoto mzuri na daftari liko mfukoni. Hakuna mahali tunaambiwa aliingia.

Tabia njema ni nzuri, watoto wangu nawachapa kwa ajili yake, mtaa usio na tabia njema haukaliki. Ila haifiki pale kwenye joto la katikati ya gunia. Inapanga juu tu.

Kwa hiyo hasira yenyewe ni dhambi?

Hapana. Marko 3:5 inasema Yesu aliwakazia macho watu pande zote kwa hasira, na mstari huohuo unasema alikuwa na huzuni kwa ugumu wa mioyo yao. Hasira na huzuni pamoja, kwa watu walewale. Hapo mimi huwa najipima, nikiwa na hasira na mtu halafu simuonei huzuni hata kidogo, najua imeshaharibika.

Paulo anasema Waefeso 4:26, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Mtu wa mwalo anajua maana ya jua kuchwa. Wavuvi wa dagaa wanatoka jua likizama na taa zao, wanarudi alfajiri, na ziwa likichafuka usiku hakuna anayekuhakikishia mnaonana asubuhi. Mke na mume waliogombana saa kumi jioni halafu mume akaingia kwenye mtumbwi bila neno, hao wanauelewa huu mstari kuliko mtu mwenye digrii ya theolojia.

Kinyongo nitakijuaje? Mimi naona nimeshasahau.

Usiangalie unavyoongea na yule mtu, angalia unavyosikia habari zake. Akifanikiwa unasikiaje? Mtoto wake akifaulu? Akiugua? Kinyongo kinakaa hapo. Mtu anaweza kusalimia vizuri kabisa kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akapiga na goti, kumbe ndani kuna fundo la mwaka wa kumi. Sisi huku tumelelewa kuwa na adabu sana, na adabu inaficha mengi.

Dalili nyingine, unaisimulia ile habari mara ngapi, na kila ukiisimulia wewe unazidi kuwa mwema na yeye anazidi kuwa mbaya? Mimi gunia 30 kuna kipindi nilikuwa nasema 35. Sikuwa nadanganya kwa makusudi, zilikuwa zinaongezeka zenyewe.

Yesu alisema tusiposamehe hatutasamehewa. Sasa si ina maana tunaokolewa kwa kusamehe, na kusamehe si ni tendo?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote na mimi nalipenda, nivumilie jibu refu.

Ni kweli, Mathayo 6:15 imeandikwa hivyo na siwezi kuipunguza makali. Ila Yesu mwenyewe aliieleza kwa hadithi, Mathayo 18:21-35. Petro, ambaye ni mvuvi, anauliza asamehe mara ngapi, mara saba? Anaambiwa hata saba mara sabini, halafu inakuja hadithi ya mtumwa anayedaiwa na mfalme talanta elfu kumi.

Tufanye hesabu maana tukisoma haraka hatusikii uzito. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, iko Mathayo 20. Talanta moja ni kama dinari 6,000. Kwa hiyo talanta 10,000 ni dinari milioni 60, yaani siku milioni 60 za kibarua. Tuseme kibarua hapa mwaloni anapata elfu kumi kwa siku, hilo deni ni shilingi bilioni 600. Daraja la Kigongo–Busisi lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 liligharimu zaidi ya bilioni 700. Sasa fikiria mtu mmoja, kibarua, anadaiwa karibu daraja zima.

Na huyo mtumwa naye alikuwa anamdai mtumwa mwenzie dinari mia. Kwa hesabu ileile ni milioni moja. Milioni moja sio hela ndogo, usikubali mtu akuambie ulichofanyiwa ni kidogo, Yesu hakusema ni senti tano, ni ujira wa miezi mitatu na zaidi. Mimi gunia 30 zilikuwa hela kweli na mtoto wangu alikosa shule kweli.

Sasa sikia alichoomba yule mtumwa, mstari wa 26. "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Miaka nimeisoma sijaona. Hakuomba kusamehewa! Aliomba muda! Bilioni 600 na anaahidi atarejesha. Mfalme akamhurumia akafuta deni lote, lakini yule bwana ni kama hakusikia, akatoka pale akijiona ni mtu aliyepewa muda wa marejesho. Na mtu mwenye marejesho anafanya nini? Wanaokopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, wanajua, asubuhi unaamka unawakumbuka wote unaowadai, unawafuata mmoja mmoja. Ndo maana akamkaba koo mwenzie, "nilipe uwiwacho". Alikuwa anakusanya.

Hapo ndo nilipoelewa kinyongo changu kimetoka wapi. Tabia yangu njema yote ilikuwa marejesho. Nilikuwa namlipa Mungu kidogo kidogo, zaka wiki hii, kufunga wiki ijayo, kumtumia mdogo wangu elfu hamsini, na kwa kuwa mimi nalipa niliona kila mtu alipe. Mtu anayejua deni lake limefutwa, amekaa na hilo likamwingia, mkono wake unalegea kwenye koo la mwenzie. Asipolegea kabisa, miaka na miaka, hataki hata kutaka kulegea, basi ajiulize kama alishawahi kupokea ule msamaha au bado anaomba muda.

Kwa hiyo kusamehe sio bei unayolipa ndipo Mungu akusamehe. Waefeso 2:8-9 iko wazi: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Mpangilio ni mfalme anafuta kwanza. Kusamehe kwetu kunafuata, na hapo ndo inaonekana kama kweli tuliamini.

Basi kama tabia haiokoi, si nifanye ninavyotaka?

Paulo aliulizwa hilohilo, Warumi 6:1, akajibu hasha. Na endelea kusoma Waefeso 2 mpaka mstari wa 10, wengi wanaishia wa 9.

Mbona jirani yangu hasali kabisa na ana roho nzuri kuliko walokole ninaowajua?

Nakubali, na mshukuru Mungu kwa jirani huyo, usitafute kosa lake ili hesabu yako ya dini ikae sawa. Mimi nilipokuwa nalipa lile deni aliyenikopesha mtaji bila riba ni Mwislamu wa hapahapa sokoni, na waliokuwa wananisema ni watu wa kwaya. Hii haijawahi kunisumbua imani tangu nilipoacha kufikiri wokovu ni zawadi ya mshindi wa tabia.

Watu wanakwenda hospitali kwa kuwa wanaumwa, hukuti mtu anashangaa mbona humu kuna wagonjwa wengi kuliko sokoni. Ila pia nisiwatetee walokole kupita kiasi. Mtu akikaa miaka kumi anasema ameokoka na ulimi wake bado unachoma uleule, wenzake wakae naye chini wamwambie, sio kumpa kipaza sauti.

Na jirani yako mwenye roho nzuri naye anahitaji habari hii. Matendo 10 kuna mtu anaitwa Kornelio, akida wa jeshi la Rumi, mcha Mungu, anatoa sadaka nyingi, anasali daima, na malaika anamwambia sala na sadaka zake zimefika juu. Angeweza kuambiwa basi inatosha, wewe uko vizuri. Akaambiwa amwite Petro. Mungu hakudharau wema wake na wala hakumwacha aishie kwenye wema.

Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa kama nimeokoka nisamehe nirudi nyumbani.

Dada, soma polepole. Kusamehe na kurudi ni vitu viwili. Kusamehe ni kuachia kisasi, Warumi 12:19, unakiweka mikononi mwa Mungu. Kurudi ni kuamini tena, na kuamini kunahitaji mtu aliyebadilika, na kubadilika kunaonekana kwa muda mrefu, sio kwa kitenge na machozi ya Jumapili. Luka 17:3 inasema ndugu yako akikukosea mwonye, akitubu msamehe, kumbe kuonya ni sehemu ya maagizo hayohayo.

Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, na kama una majeraha nenda hospitali na waambie ukweli kilichokupata. Mwambie na mwenyekiti wa mtaa. Paulo anasema mamlaka imewekwa na Mungu kwa ajili ya kumzuia mtenda mabaya, Warumi 13, na kuitumia sio kukosa imani. Unaweza kuwa umesamehe kabisa na bado unalala kwa dada yako na kesi iko polisi. Wanaokuambia uvumilie mpaka ufe, wengine wana nia njema, ila wanakosea, na hili nalisema nikiwa nimewahi kusimama kwenye msiba wa aliyevumilia.

Nimesamehe kabisa ila nikimwona tumbo linanikata. Ina maana sijasamehe?

Sio lazima. Mwili unakumbuka kwa namna yake. Kidonda kilichopona ukigonga bado kinauma. Ninachokuuliza ni kimoja tu, ukipewa leo nafasi ya kumuumiza na hakuna atakayejua, utaitumia? Kama jibu ni hapana au hata ni "sitaki kuitumia ila natamani", uko njiani. Omba hapo hapo ulipo.

Kwetu ukoo mzima tuna hasira, ni damu. Nitafanyaje?

Yakobo na Yohana wana wa Zebedayo, wavuvi wa ziwa la Galilaya, ambalo kwa kweli ukiliweka kwenye Victoria letu halionekani, kilomita za mraba kama 166 kwa elfu 68 na zaidi. Hao wawili Yesu aliwapa jina Boanerge, wana wa ngurumo, Marko 3:17. Ukoo wa hasira. Kijiji cha Wasamaria kilipowanyima mahali pa kulala wakauliza kama waagize moto ushuke uwateketeze, Luka 9:54. Kwa kunyimwa malazi!

Sasa fungua Matendo 8:14. Samaria imepokea neno, mitume wa Yerusalemu wanatuma watu wawili wakawaombee. Petro na nani? Yohana. Yuleyule. Aliyetaka moto uwashukie Wasamaria ndiye anawawekea mikono wapokee Roho Mtakatifu. Sijui katikati ilichukua miaka mingapi na alijikwaa mara ngapi, ila huyo ndiye nakupa, uende naye. Na usitumie ukoo kama kinga, maana mkeo na watoto hawapigwi na ukoo, wanapigwa na wewe.

Na hapohapo kwenye kundi la mitume alikuwepo mtoza ushuru, Lawi anayeitwa pia Mathayo, ameitwa akiwa ameketi pale kando ya bahari yao ile, Marko 2:13-14. Inawezekana kabisa Petro na kina Yohana walishamlipa ushuru wa samaki kwa kinyongo. Fikiria mvuvi wa huku na mtu wa ushuru wa mwalo wanakula sahani moja miaka mitatu.

Nina ugomvi na mtu, nisishiriki Meza ya Bwana / komunyo?

Mathayo 5:23-24, ukiwa unaleta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda mkapatane kwanza, ndipo urudi. Angalia vizuri, ni yeye ana neno juu yako. Wewe ndo umekosea, au yeye anaona umekosea. Sisi tunaulizia kila siku wale waliotukosea, Yesu anaanzia na wale tuliowakosea, na hiyo orodha wengi hatuna kabisa kichwani.

Na aliokuwa anawaambia ni watu wa Galilaya, hekalu liko Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Ni kama kuambiwa umefika Shinyanga kwa mguu na mbuzi wako wa sadaka, mwache, rudi Mwanza ukapatane na jirani, halafu ndo uje. Kwa hiyo usiifanye hii kuwa sababu ya kukaa mbali na Meza miaka minne huku hujapiga hata simu. Maana ya mstari ni uende.

Lazima nitubu mbele ya kanisa zima?

Hapana. Mwambie uliyemkosea. Ule uamsho ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukafika mpaka Bukoba ng'ambo ya ziwa, watu walikuwa wanaungama waziwazi, wanarudisha vitu walivyoiba, ndugu waliokuwa hawasemeshani wanapatana, wazee wengi wa pande hizi imani yao imetoka huko na mimi nauheshimu. Ila kuna mambo ukiyasema hadharani unamvua nguo mwingine. Tumia busara.

Kuna bibi mtaani nahisi ndiye anayenifunga biashara. Nimsameheje mchawi?

Hapana, hili sitalijibu hivyo. Una uhakika gani? Huku kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa tu, wengine kwa sababu ya macho mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Ilianza hivyohivyo, mtu ana uchungu wa biashara au wa mtoto aliyekufa, akatafuta wa kumbebesha. Nenda kamsalimie huyo bibi, mpelekee chumvi, kaa naye nusu saa. Na ukisikia mtu anapanga jambo juu yake toa taarifa siku hiyohiyo.

Wakatoliki na walokole si wanafundisha tofauti kuhusu matendo?

Wanatofautiana kwenye mengi na wamegombana tangu siku za Martin Luther, 1517. Ila tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg Ujerumani, Kanisa Katoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuwa tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, na sio kwa stahili yoyote ya kwetu, na matendo mema yanafuata kama matunda. Wamethodisti wakaungana nao 2006. Sisi Jumatano tunakaa pamoja na hatujawahi kupigana.

Hasira yangu ni kwa Mungu mwenyewe. Nitaokoka kweli?

Mwambie. Hapa kwetu kuna nyumba ambazo kila tarehe 21 Mei hazizungumzi, tangu MV Bukoba izame 1996 karibu kabisa na kufika bandarini, na wengi waliopatikana wamelala pale Igoma. Kuna mama alikuwa anakuja Jumatano, alipoteza watu wake ziwani, na kwa miaka alikuwa anakaa nyuma haimbi. Hakuna aliyemlazimisha. Siku moja tulisoma Zaburi 88, ambayo haina mwisho mzuri, inaishia gizani, na mle ndani ni mtu anamlalamikia Mungu usiku na mchana. Akauliza, hii imo kwenye Biblia kweli? Akaomba tuisome tena.

Yona naye alimkasirikia Mungu, tena kwa sababu mbaya kabisa, kwamba kwa nini amewahurumia watu wa Ninawi. Mungu alimuuliza tu, "Je! Unatenda vema kukasirika?" akaendelea kuongea naye mpaka mwisho wa kitabu. Hasira unayomwambia Mungu usoni bado ni maombi. Ninayoiogopa ni ile ya mtu anayeimba vizuri na hamsemeshi.

Aliyenikosea ameshakufa.

Nenda kaburini kama unaweza, au kaa jikoni kwako, useme kwa sauti alichokufanyia, chote, kwa jina lake. Halafu mwambie Mungu hukumu ni yake. Utalirudia, sio mara moja.

Mama, mdogo wako alishalipa?

Hajalipa. Niliwahi kumfuata Geita, ile enzi ya kusubiri kivuko pale Kigongo, nikamwambia kuhusu utamu niliousikia nyumba yake ilipoungua, nikamwomba msamaha mimi. Alilia, akasema atalipa, nikamwambia asilipe, akasema atalipa tu.

Juzi kanipigia kuomba dagaa wa watoto. Nikafunga sado mbili wale wazuri, nikapeleka stendi ya Nyegezi, nikalipia mzigo kwenye basi. Natoka getini nikajikuta napiga hesabu kichwani, sado mbili shilingi ngapi, nauli ya mzigo shilingi ngapi, jumlisha na zile. Nikasimama palepale bodaboda wananipigia honi, nikasema Bwana, unaniona, nimeanza tena.